Simu Melini: Uliza Njia Kabla ya Kuuliza Bei

Ndugu msikilizaji, kuna gharama ambazo mtu huziona zikija, kama nauli na chakula. Na kuna gharama zinazomfikia mtu akiwa amelala usingizi. Leo nataka kuzungumza nawe juu ya hizo za pili, kwa sababu zilinifika mimi mwenyewe nikiwa katikati ya Bahari ya Mediterania, simu ikiwa mezani, wala sikuwa nimempigia mtu yeyote.

Ilikuwa mwezi Mei mwaka 2025. Binti yangu, anayeishi na mumewe Ujerumani, alitulipia mimi na mama yake safari ya siku saba katika meli ya watalii. Tulipandia Barcelona, Hispania, tukapitia Marseille kule Ufaransa, kisha Genoa, Civitavecchia na Napoli nchini Italia, halafu tukarudi tulikoanzia. Meli yenyewe ilikuwa kama mtaa mzima uliowekwa juu ya maji. Lakini furaha yangu ilikuwa nusu, maana tuliondoka nyumbani dada yangu mkubwa akiwa amelazwa hospitali, Tanga. Nilimwahidi kwamba kila siku nitamtafuta kwa WhatsApp kupitia simu ya mpwa wangu aliyekuwa akimwuguza.

Binti yangu akanikabidhi simu yenye laini ya Ujerumani, ile ya kulipia mwisho wa mwezi. Akaniambia, "Baba, ukiwa Ufaransa au Italia ni kama uko Ujerumani. Usiwe na wasiwasi."

Alisema kweli. Tangu tarehe 15 Juni 2017, mteja wa kampuni ya simu ya nchi ya Umoja wa Ulaya akitembelea nchi nyingine ya Umoja huo hutumia simu yake kwa bei ya kwao. Ila kweli hiyo ni ya nchi kavu. Baharini haifuati, na hilo hatukulijua, si yeye wala mimi.

Usiku wa kutoka Marseille kwenda Genoa niliiacha simu imewashwa, ili mpwa wangu akinitafuta anipate. Asubuhi nikakuta ujumbe: matumizi yamefikia yuro 50, huduma imesimamishwa. Yuro 50, ndugu msikilizaji, ni zaidi ya shilingi laki moja za Tanzania. Nani amezila? Ni picha nilizopiga Barcelona na Marseille. Simu ile ilikuwa imepangwa kuzipeleka picha zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, nayo ikatii bila kuniuliza.

Hata hivyo lililoniuma zaidi halikuwa fedha. Simu ilikuwa imefungwa, nami sina habari za Tanga.

Aliyenifumbua macho ni kijana aliyekuwa akisafisha vyumba vya upande wetu. Alipotusikia tukisema Kiswahili alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo mzee, shikamoo mama." Kumbe ni mzaliwa wa Likoni, Mombasa. Nilipomweleza yaliyonipata alitabasamu kwa adabu, akasema, "Mzee, simu yako haikujua kama imepanda meli."

Maneno hayo ndiyo kiini cha mazungumzo yangu ya leo. Simu haijui bei. Inachojua ni kutafuta mnara ulio karibu. Ukiwa mjini, mnara huo uko juu ya kilima au ghorofa, na kutoka hapo sauti yako husafiri kwa nyaya. Meli ikishaliacha bara mbali, minara hiyo haisikiki tena. Ndipo meli inapowasha mtambo wake wenyewe wa simu. Mtambo huo huipokea simu yako, huipeleka kwenye sahani kubwa zilizofunikwa kwa yale matufe meupe unayoyaona juu ya meli, nazo hurusha mawimbi hadi kwenye setilaiti angani, kisha hurudi ardhini kwenye kituo cha nchi nyingine kabisa. Njia ni ndefu na ina wenyewe wengi, na kila mwenye njia anataka ushuru wake.

Utajuaje kwamba umekwisha kuingia njia hiyo? Tazama jina la mtandao kwenye kioo cha simu. Kila nchi ina tarakimu zake katika mitandao ya simu: Tanzania ni 640, Kenya ni 639. Mitandao ya melini hutumia 901, tarakimu ambazo si za nchi yoyote. Ukiona 901, au jina lenye kutaja bahari, jua kwamba hupo tena Italia hata kama taa za Italia unaziona kwa macho. Meli ikikaribia pwani mtambo huo huzimwa kwa mujibu wa kanuni, na simu hurudi kwenye minara ya nchi kavu.

Sasa, zile yuro 50 hazikusimama kwa bahati. Ni sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Julai 2022, inayozitaka kampuni za huko kukata huduma za setilaiti gharama zikifikia kiasi hicho, au kiwango kingine alichochagua mteja. Lakini sheria hiyo inamlinda mteja wa kampuni za Ulaya. Wewe unayesafiri na laini ya Dar es Salaam au Nairobi, usiitegemee. Iulize kampuni yako kabla ya kufunga begi. Mwenye kulipia kabla atapoteza salio lake. Mwenye kulipa mwisho wa mwezi anaweza kupata ankara ya kumtoa jasho.

Dawa yake ni nyepesi. Kabla meli haijang'oa nanga, bonyeza ile alama ya ndege kwenye simu yako. Hapo simu huacha kutafuta minara yote, ya nchi kavu na ya melini. Kisha washa waifai peke yake, ujiunge na intaneti ya meli. Hiyo nayo hupitia setilaiti, na haitolewi bure, ila bei yake unaijua mapema: unalipa kwa siku au kwa safari nzima. Mara nyingi ni nafuu ukinunua kabla ya kupanda meli. Na huna haja ya kununulia kila simu. Sisi tulinunua ya kifaa kimoja. Mimi nikimaliza natoka kwenye akaunti, mama naye anaingia.

Zamani meli nyingi ziliuza intaneti kwa dakika, na dakika zilikwisha ukisubiri ukurasa mmoja ufunguke. Setilaiti zilizotumika zilikuwa kilomita 35,786 juu ya ikweta, hata swali na jibu lake vikachukua zaidi ya nusu sekunde njiani. Siku hizi meli nyingi zinatumia setilaiti zinazozunguka chini zaidi, kiasi cha kilomita 550. Kampuni ya Royal Caribbean ilitangaza mwaka 2022 kwamba inahamia huko. Kasi imeongezeka sana, lakini kasi si bei. Soma bei kabla ya kubonyeza.

Yapo mambo mengine matatu. Kwanza, zuia simu isipeleke picha wala kujipakulia programu mpya yenyewe. Pili, maliza shughuli za benki na za fedha za simu ukiwa nchi kavu, kwa sababu ukiwa umeweka alama ya ndege, zile namba za siri zinazotumwa kwa ujumbe mfupi huenda zisikufikie. Tatu, waachie watu wa nyumbani jina la meli, namba ya chumba chako na namba ya dharura ya kampuni ya meli. Likitokea la kutokea, watakupata hata simu yako ikiwa imezimwa.

Nilimwuliza yule kijana wa Likoni, yeye anafanyaje? Akaniambia kwamba mkataba wake ni wa miezi minane, na ana mtoto aliyeanza kutembea yeye akiwa baharini. "Mzee, wewe ni siku saba. Mimi nikikosa hesabu, mshahara wote unaishia kwenye simu." Siku za kawaida huandika ujumbe tu. Maongezi marefu huyaweka hadi bandarini.

Hapo nikaona kwamba jambo hili si la watalii peke yao. Vijana wetu wa pwani wanaajiriwa katika meli hizi. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 ulirekebishwa, na tangu tarehe 23 Desemba 2024 unazitaka meli ziwape mabaharia intaneti kadiri inavyowezekana, na kama kuna malipo yawe ya kiasi. Kijana anayekwenda kutia saini mkataba aulize na hilo, pamoja na mshahara. Kuuliza si ujinga.

Kuhusu dada yangu, meli ilipofunga Genoa, binti yangu aliiomba kampuni yake ifungue huduma. Nikakaa juu ya sanduku pale gatini, nikapiga. Mpwa wangu akamwekea simu sikioni. Dada akaniuliza, "Jana ulikuwa wapi? Nilikungoja." Sikumweleza habari za setilaiti. Nilimwambia tu, "Dada, leo nipo." Na tangu siku ile hadi tuliporudi Barcelona, kila saa kumi na moja jioni nilikuwapo.

Hadi wiki ijayo, tukijaaliwa, nakutakia kila la heri.