Ayub Ogada: Mpigaji nyatiti aliyetuzwa ugenini

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Marehemu Ayub Ogada, mpigaji nyatiti mashuhuri wa Kenya, alilazimika kucheza ugenini kwanza.

Ogada, ambaye awali alijulikana kama Job Seda, alizaliwa Mombasa mwaka wa 1956. Katika miaka ya sabini alikuwa mwanachama wa Black Savage, bendi ya Nairobi iliyopiga roki kwa magitaa ya umeme. Mwaka wa 1979 alishiriki kuasisi African Heritage Band, iliyooanisha ala za jadi na za kisasa.

Nyatiti ni ala ya Waluo yenye nyuzi nane, iliyozoeleka matangani na katika karamu za pombe. Mpigaji huketi juu ya kigoda, akidonoa nyuzi kwa vidole. Pete ya chuma kwenye kidole cha mguu hugonga ala na kutoa mdundo, nazo njuga mguuni huitikia. Mtu mmoja hutosha kuwa bendi nzima.

Sifa hiyo ilimfaa Ogada alipohamia Uingereza mwaka wa 1986. Bila bendi, aliwatumbuiza abiria katika vituo vya reli ya chini ya ardhi jijini London, hadi waandalizi wa tamasha la WOMAD walipomgundua. Alipanda jukwaa lao mwaka wa 1988. Mnamo 1993, kampuni ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel ilitoa albamu yake, En Mana Kuoyo.

Ustadi wake wadhihirika katika wimbo Kothbiro, yaani ‘mvua yaja’. Black Savage waliurekodi mwaka wa 1976 kwa ala za umeme. Katika albamu yake, Ogada aliuvua mavazi hayo, akaubakishia nyatiti na sauti tulivu. Wengi huongezea jadi usasa. Yeye aliurejesha wimbo wa kisasa kwenye jadi.

Dunia ilisikia. Kothbiro ulitumika katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka wa 2005, na mnamo 2018 Kanye West alitumia kipande cha rekodi ile ya Black Savage katika wimbo wake, Yikes.

Ogada alirejea nchini mwaka wa 2007, akafariki Februari 1, 2019, huko Nyahera, Kisumu. Wakenya wengi walioujua wimbo wake hawakumjua mwimbaji. Tusingoje wageni watuonyeshe tulicho nacho.