Breki za gari la zamani: Namna ya kuzuia mlio

MMILIKI wa gari la zamani mjini Moshi anaweza kutumia miezi mingi kulifufua. Atanyoosha bodi, atapaka rangi na kufunga injini upya. Lakini siku ya kwanza anapolipitisha Majengo, kila akikanyaga breki gari hupiga ukelele na watu wote hugeuka kutazama.

Mlio huo ni mtetemo. Pedi inapoibana diski hunata na kuachia maelfu ya mara kwa sekunde, na vyuma vya jirani hutetemeka nayo. Kwa hiyo dawa yake ni kupunguza mtetemo huo.

Hapa ndipo wengine hukosea na kupaka mafuta au grisi mahali panaposuguana. Kelele hukoma, lakini breki nazo hukoma kushika. Kutoka lango la Marangu, lililo juu ya mita 1,800, hadi Moshi, ulio chini ya mita 1,000, hilo ni kosa linaloweza kuua.

Katika gari lenye diski, kama Peugeot 504 iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, kazi huanza kwa usafi. Kutu iondolewe kwenye uso wa habu ili diski ikae sawa. Diski iliyopinda au kuchimbika ichongwe au ibadilishwe, mradi isipungue unene uliowekwa na kiwanda. Pistoni na njia za pedi zisafishwe ili pedi irudi kwa urahisi.

Kisha kingo za pedi zipigwe msasa kwa mshazari. Grisi maalumu ya breki, inayostahimili joto kali, ipakwe kidogo mgongoni mwa pedi na sehemu zinazoteleza tu. Vibati vyembamba vya mgongoni visitupwe, kwani kazi yake ni kumeza mtetemo.

Land Rover za zamani za Series zina dramu magurudumu yote manne. Humo mlio huletwa na vumbi, lainingi iliyong'aa au springi zilizolegea. Vumbi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Lainingi nyingi za enzi hizo zilikuwa na asbesto, inayosababisha saratani ya mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeshwa. Kwenye barabara tambarare isiyo na msongamano, punguza mwendo kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa, takriban mara kumi, ukiziacha zipoe kila mara.

Kelele ikiwa ni ya chuma kusaga chuma, pedi zimekwisha. Gari hilo lisiteremke mlima hata kidogo. Na hata breki zikiwa kimya, mteremko mrefu hushukwa kwa gia ndogo, kwa sababu breki iliyopata moto kupita kiasi inaweza kushindwa.