Safari ya Gari-Nyumba Hupangwa Wakati wa Baridi

Mwaka 2026 utakuwa na msongamano mkubwa katika barabara na mbuga za Marekani. Tarehe 4 Julai, ambayo itaangukia Jumamosi, taifa hilo litatimiza miaka 250 tangu kutangaza uhuru wake, na kuanzia tarehe 11 Juni hadi 19 Julai Kombe la Dunia litachezwa katika miji 16 ya Marekani, Kanada na Meksiko. Na katikati ya shughuli hizo zote jamaa zetu wengi, wa Maryland na Minnesota, wa Texas na Ohio, wameazimia kukodi gari-nyumba, yaani lile gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake ambalo wenyeji huliita RV, wawachukue wazee na watoto wakaitazame nchi waliyohamia. Azma hii ni njema, nami naiunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa wapo watoto wetu waliozaliwa Columbus au Minneapolis ambao hawajapata kulala nje ya mji hata usiku mmoja, na wapo mabibi walioletwa kulea wajukuu ambao Marekani waijuayo ni ghorofa, duka na uwanja wa ndege. Lakini safari ya namna hii haiamuliwi siku ya kuwasha injini. Huamuliwa wakati wa baridi, mezani, kwa kalenda na kwa utepe wa kupimia, na asiyeyatanguliza haya hukuta nafasi zimekwisha ilhali arbuni ya gari amekwisha kuitoa.

Kalenda ndiyo ya kwanza. Viwanja vingi vya kambi vilivyo chini ya serikali kuu hukodishwa kwa njia ya Recreation.gov, na kanuni iliyoenea ni kwamba nafasi hufunguliwa miezi 6 kabla ya usiku wenyewe, basi atakaye kulala mbugani tarehe 3 Julai sharti awe macho asubuhi ya tarehe 3 Januari, maana katika mbuga zenye sifa nafasi hizo huisha kwa dakika chache. Yosemite ina utaratibu wake: hufungua mwezi mzima kwa pamoja, miezi 5 kabla, tarehe 15, saa 1 asubuhi kwa saa za Pasifiki, ambayo ni saa 4 kwa ndugu walio Washington. Yellowstone nayo imegawanyika, kwani kambi zake kubwa huendeshwa na kampuni yenye mkataba, ambayo hupokea maombi zaidi ya mwaka mmoja kabla. Miongoni mwa kambi hizo ni Fishing Bridge, ya pekee mbugani humo ambayo mgeni hupata umeme, maji na bomba la majitaka pale pale alipoegesha, na ambayo haipokei hema wala gari lenye kuta za turubai, kwa sababu mahali hapo ni mapito ya dubu wakubwa wa kahawia. Grand Canyon, upande wa ukingo wa kusini, ina Trailer Village, iliyo wazi mwaka mzima na yenye huduma hizo zote. Nimezitaja hizi mbili kwa makusudi, kwa kuwa familia iliyo na mzee wa magoti mabovu au mtoto wa kunyonya haina budi kuuliza habari za maji na umeme kabla ya kuuliza habari za mandhari. Aliyekosa nafasi asikate tamaa, kwani watu huahirisha safari zao, na nafasi zao hurudi hadharani siku chache kabla. Lakini hiyo ni bahati, wala haifai kumtegemeza bibi juu ya bahati.

Baada ya kalenda huja vipimo, na hapa ningependa kukaa kidogo, maana ndipo penye hatari. Miongoni mwetu wamo madereva wengi wa malori ya masafa marefu, watu waijuao nchi hii jimbo kwa jimbo, nao ndio wangefaa kuulizwa mwanzo. Lakini aghalabu safari hupangwa na shemeji mwenye gari dogo, ambaye hajapata kufikiri kwamba daraja lina kimo. Gari-nyumba la kukodi la aina ya C, lile lenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, huwa na urefu wa futi 25 hadi 30 na kimo cha futi 12 hivi. Sasa Going-to-the-Sun Road, barabara mashuhuri ikatayo milima ya Glacier katika jimbo la Montana, haipitishi katika sehemu yake ya juu gari lililozidi futi 21 kwa urefu wala futi 8 kwa upana, vioo vikiwamo, kwa hiyo gari hilo la kukodi litabaki bondeni, na mwenyewe itampasa atafute chombo kingine cha kumpandisha. Handaki la Zion, katika jimbo la Utah, lilikamilika mwaka 1930 kwa kadiri ya magari ya zama hizo, na kwa miaka mingi magari makubwa yamekuwa yakipita kwa idhini na malipo, huku yale yajayo upande wa pili yakizuiwa. Kuanzia Juni 2026 ruhusa hiyo inaondolewa, na gari lenye kimo cha zaidi ya futi 11 na inchi 4 litazungushwa kwa njia nyingine. Ushauri wa rafiki aliyepita huko mwaka juzi, basi, hata uwe wa kweli kiasi gani, hautoshi tena.

Upande wa mashariki hatari haiko milimani bali mijini. Barabara za New York na Connecticut zilizo na jina la Parkway zina madaraja ya chini yaliyojengwa kwa ajili ya magari madogo, na Storrow Drive ya Boston hunasa malori kila mwaka, hasa mwanzoni mwa Septemba wanafunzi wanapohama. Programu ya ramani iliyo katika simu za wengi wetu haijui kimo cha gari uliloketi ndani yake, nayo humwongoza mwenye gari-nyumba kama imwongozavyo mwenye gari la kwenda kazini. Kwa hiyo siku ya kukabidhiwa gari, pima kutoka ardhini mpaka ncha ya kiyoyozi kilicho juu ya paa, usitosheke na kimo kilichoandikwa katika mkataba; kisha kiandike kwa tarakimu kubwa, kwa futi na inchi kama vibao vya barabarani viandikavyo, ukibandike mbele ya dereva mahali pasipofichwa na usukani, na yule aketiye kando yake apewe kazi moja tu, kusoma kibao cha kila daraja kabla halijafikiwa.

Gesi nayo ina sheria zake. Jiko na hita za gari-nyumba hutumia propeni, na mahandaki mawili yapitayo chini ya bandari ya Baltimore hayaruhusu mitungi izidiyo ratili 10. Zamani wenye gesi walipita juu ya Daraja la Francis Scott Key, lakini daraja hilo lilianguka usiku wa manane wa tarehe 26 Machi 2024 lilipogongwa na meli iitwayo Dali, wakafa watu 6 waliokuwa wakitengeneza barabara juu yake, wahamiaji wote, waliotoka Meksiko na Amerika ya Kati kutafuta riziki kama tulivyotoka sisi. Mpaka litakapojengwa upya, gari-nyumba litokalo Washington kuelekea Philadelphia sharti lizunguke upande wa magharibi wa Baltimore kwa barabara ya 695, na muda huo uhesabiwe tangu nyumbani.

Ndani ya gari maisha yana kipimo, na ni vema wote wakijue kabla ya kuondoka. Nguzo ya umeme ya ampea 30, ambayo ndiyo ya kawaida kambini, hutoa wati 3,600 na si zaidi. Kiyoyozi peke yake huchukua kiasi cha 1,500, birika la umeme huchukua kiasi hicho hicho, na mama anapolitia chai huku mtoto amefungua maikrowevu, swichi hukatika, giza likaingia, na lawama zikamwendea asiyehusika. Dawa yake ni kuchemsha chai kwa gesi. Maji hali kadhalika: tangi la galoni 40, ambayo ni lita 150 hivi, huonekana jingi mpaka watu 6 waoge kwa bomba jioni moja. Wazee wetu waliolelewa kwa kata na ndoo watawafundisha vijana jambo hili pasipo taabu, na kopo la kutawadhia, lile la lita moja na nusu, litiwe garini kabla ya kitu kingine chochote. Majitaka hukusanyika katika matangi mawili, la choo na la maji ya kuoshea. Siku ya kumwaga hutangulizwa la choo, kisha maji ya sabuni yafuate yakiusafisha mpira wa kumwagia, na kazi hiyo ikabidhiwe mtu mzima mmoja mwenye glovu. Na kwa ajili ya stara, familia mbili zisilazimishwe kulala katika gari moja ati kwa kubana matumizi; heri zikodi gari moja na banda la kambini, wazee walale penye mlango wa kufunga.

Masurufu yana sura yake pia. Juu ya ijara ya kila usiku huongezwa malipo ya maili, na gari hili huenda maili 8 hadi 10 kwa galoni, hivyo maili 1,000 ni galoni 100 au zaidi. Bima ya gari lako la nyumbani na ile ya kadi ya benki mara nyingi hazilihusu gari-nyumba la kukodi. Piga simu uulize, upate jibu kwa maandishi. Kisha kuna jambo jipya ambalo jumuiya yetu yapasa kulijua kuliko wenyeji. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 pasi ya mwaka ya mbuga za taifa ni dola 80 kwa mkaazi wa Marekani, na dola 250 kwa asiye mkaazi. Na katika mbuga 11 zinazotembelewa sana, zikiwamo Yellowstone, Grand Canyon, Zion na Yosemite, mgeni wa umri wa miaka 16 na zaidi asiye na pasi huongezewa dola 100 juu ya kiingilio. Shangazi akija kutoka Mombasa au Maskati kututembelea, hesabu hiyo ni yetu. Anayeona ni nzito aelekee Great Smoky Mountains, katika Tennessee na North Carolina, ambako hakuna kiingilio ila dola 5 kwa siku za kuegesha gari, na ambako ukungu wa asubuhi utamkumbusha mtu wa Usambara kwao.

Hati zichukuliwe zote. Sheria humtaka mkaazi wa kudumu mwenye miaka 18 na zaidi awe na kadi yake mwilini wakati wote, na katika barabara zilizo karibu na mpaka wa Meksiko, kama zile zitokazo Big Bend, viko vituo vya ukaguzi ambavyo kila gari husimamishwa. Ambaye kesi yake ya uhamiaji haijamalizika asivuke kwenda Kanada kwa ajili ya maporomoko ya Niagara kabla ya kumwona wakili wake. Upande wa Marekani maporomoko hayo yaonekana vizuri.

Kwa wanaoanza, rai yangu ni kwamba safari ya kwanza iwe fupi na karibu. Idi ya kuchinja yatarajiwa takriban tarehe 27 Mei, na Jumatatu ya tarehe 25 Mei ni sikukuu ya taifa. Basi familia za Maryland na Virginia zingeweza kwenda Shenandoah siku hizo, zikapita Skyline Drive, barabara ya maili 105 ambayo mwendo wake hauzidi maili 35 kwa saa, na ambayo handaki lake la Marys Rock lina kimo cha futi 12 na inchi 8. Kambi za huko hazina umeme, nalo ni zoezi zuri. Baada ya hapo, mwezi Julai au Agosti, waende mbali watakako, lakini wasipange zaidi ya maili 250 kwa siku, wala wasirundike mbuga 7 katika wiki moja kwa kuwa picha zake zimependeza. Mzee anayekaa siku tatu mahali pamoja atajua jua linachomoza upande gani, atajua kibla bila kuuliza, na mjukuu atapata wasaa wa kumsikiliza.

Jumuiya zetu huunda kamati ya harusi kwa usiku mmoja, zikachagua mhazini na kukusanya michango. Kamati ya safari iundwe vivyo hivyo, majina, umri na hati za kila mmoja vikaandikwe, na mtu mmoja apewe dhamana ya kukata nafasi. Wanaotaka kulala mbugani mkesha wa sherehe za Julai wakutane kabla ya mwisho wa Desemba. Tarehe 3 Januari ni Jumamosi, na wengi wetu hatutakuwa kazini.