Umeandikwa kwamba ulifunga barabara? Angalia haya mbele ya kutoa makuta

Jumatatu moja, shofere wa taksi alipita hapa redioni, uso wa mtu ambaye hajalala. Anaendesha Probox ya bwana mwingine, na kila jioni anapaswa kupeleka versement. Ijumaa asubuhi alikuwa amesimama karibu na soko, anashusha magunia mawili ya samaki ya mama mmoja mchuuzi. Polisi wa roulage akafika.

«Papa shofere, umefunga barabara. Leta permis.»

«Chef, nashusha tu mizigo ya huyu mama. Dakika mbili, naondoka.»

Permis ikachukuliwa. Akaambiwa atoe franka 60 000, ao gari iende ku fourrière. Makuta hayo hakuwa nayo. Alituomba tusitaje jina lake wala mji wake, na alikuwa na swali moja tu: «Ninalazimika kulipa?»

Pale barabarani, hapana. Ila kukataa kulipa si kusema umeshinda. Kuna njia ya kufuata, na watu wengi hawaijui juu hakuna mtu aliyewaeleza.

Tuanze na neno moja la sheria. Dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959 juu ya mwendo wa kesi za jinai, ambayo mahakama zetu zinaitumia mpaka leo, inasema kwamba kwa makosa madogo, yale ambayo hakimu angetoa adhabu ya amende tu, afisa wa polisi anaweza «inviter» mwenye kosa kulipa makuta fulani kwa Trésor ya serikali. Inviter ni kualika. Hiyo ndiyo wanaita amende transactionnelle: ni mapatano. Serikali inakuambia, lipa hii na tumalize, tusifike kwa hakimu. Na kama vile mwaliko wowote, unaweza kuukubali, unaweza pia kusema hapana. Ukikubali na kulipa, kwa kawaida kesi imefungwa hapo. Ndiyo maana mtu anayelipa leo na kesho anataka kulalamika anakuta mlango umekwisha kufungwa. Sheria hiyo hiyo haihesabu kulipa kama kukiri kosa, lakini makuta yako hayarudi.

Sasa, nani anaweza kukualika? Si kila mwenye sare. Sheria inazungumza juu ya OPJ, ni kusema officier de police judiciaire. Huyo amekula kiapo na ana karti yake. Polisi aliyesimama ku rond-point na filimbi anaweza kukusimamisha, kuangalia bidokima, kuona kosa na kulipeleka kwa mkubwa wake. Kupanga bei ya amende si kazi yake kama yeye si OPJ. Kwa hiyo, kwa heshima na bila kupandisha sauti, unaweza kusema: «Chef, sikatai. Naomba tupite kwa OPJ, aandike PV, na mimi niseme yangu.» Wengine watakasirika. Lakini hujavunja sheria yoyote kwa kusema hivyo, na mara nyingi maneno hayo peke yake yanabadilisha mazungumzo.

Bei nayo haitoki hewani. OPJ hawezi kupita kiwango cha juu ambacho sheria imeweka kwa kosa lile. Muulize: ni artikle gani, na kiwango chake ni ngapi? Kama hakuna anayeweza kutaja artikle, hiyo tayari ni jambo la kuandika katika maelezo yako.

Tufike kwenye kosa lenyewe, kwa sababu hapa mashofere wengi wanajidanganya. Wanasema: «Hapakuwa na kibao, basi sina kosa.» Si kweli. Kibao cha duara, buluu na pembe nyekundu, chenye mstari mmoja mwekundu, kinakataza kuegesha. Chenye mistari miwili inayokatana kinakataza hata kusimama. Lakini hata pasipo kibao chochote, huwezi kuacha gari mahali ambapo inaleta hatari ao inawazuia wengine kupita: juu ya njia ya wenye kwenda kwa miguu, kwenye kona ao mgongo wa kilima ambapo anayekuja hakuoni, mbele ya lango la watu, ao pembeni ya gari nyingine iliyoegeshwa vizuri ikashindwa kutoka. Hayo yako katika Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya usafiri wa barabarani, ambao Congo imejiunga nao. Na Kodi yetu ya barabara, sheria nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ndiyo ambayo polisi anapaswa kuitaja anapokuandika.

Tofauti nyingine ni kati ya kusimama na kuegesha. Kusimama ni kusimamisha gari kwa ule muda tu wa kupandisha ao kushusha watu na mizigo. Kuegesha ni kuiacha kupita muda huo. Mashofere wanaita yote «parking», polisi naye anaandika «mauvais stationnement» kwa yote mawili. Shofere wetu alikuwa anashusha magunia, mlango wa nyuma wazi, yeye mwenyewe akiwa pale. Huko ni kusimama. Hiyo ilikuwa hoja yake ya nguvu. Lakini ukisimama katikati ya njia nyembamba, Fuso tatu zikangoja nyuma yako zinapiga honi, usijitetee kwa kusema «nilikuwa nashusha». Umefunga kweli.

Gari iliyoharibika ni habari nyingine. Roulement ikikatika ao Fuso ikizama ndani ya matope baada ya mvua, hukuchagua kuegesha pale. Unachodaiwa ni kuweka triangle ili wengine waone kutoka mbali, na kufanya bidii ya kuitoa. Weka karatasi ya fundi na ya kipande ulichonunua. Matawi ya miti ambayo tumezoea kuyatupa barabarani yanasaidia wenzako wasikugonge, lakini mbele ya OPJ triangle inasema zaidi.

Basi, ushahidi. Leo karibu kila shofere ana simu yenye kamera, na hapo ndipo kesi hizi zinashindwa ao zinashindikana. Watu wanapiga picha ya plaque yao, ao ya uso wa polisi, jambo ambalo linaongeza moto bure. Picha yenye faida ni ile ya mbali. Simama hatua ishirini nyuma, gari yote ionekane, ukingo wa barabara pande zote mbili, na nafasi iliyobaki. Kama kuna gari nyingine inapita pembeni yako bila shida, ipige ikiwa inapita: picha hiyo moja inazidi maneno mia. Piga pia upande wa pili, kuonyesha kama kibao kipo ao hakipo. Pima nafasi iliyobaki kwa hatua zako na uandike. Chukua jina na simu ya mama mwenye mizigo, ao ya kijana wa pousse-pousse aliyeona. Fanya hivyo mbele ya kusogeza gari, ila kama kusogeza kunaombwa kwa haraka, sogeza kwanza. Hakuna picha inayostahili kuzuia ambulance.

Kisha PV. Sheria ya 1959 inataka OPJ aandike aina ya kosa, namna lilivyotendeka, saa na mahali. Na inataka PV imalizike kwa kiapo kilichoandikwa: «Je jure que le présent procès-verbal est sincère.» Anaapa kwa mkono wake kwamba anachoandika ni kweli. Kwa hiyo soma. Kama Kifaransa kinakupita, omba usomewe kwa Kiswahili, ambacho Katiba katika artikle ya 1 inakitaja kati ya lugha nne za kitaifa. Angalia saa, angalia avenue, angalia plaque. Maelezo yako nayo yaingie ndani, kwa maneno yako. Ukitia sahihi, andika pembeni kwamba unapinga, «je conteste les faits», na tarehe. Wengi wanaogopa kutia sahihi, wengine wanatia bila kusoma, na sijui ni kundi gani linajiumiza zaidi.

Permis ama karti ya gari ikibaki kwa polisi, omba iandikwe. Kitu kilichokamatwa na OPJ kinapaswa kuwa na PV ya kukamata, kinaelezwa ndani, na aliyenyang'anywa anatia sahihi. Vivyo hivyo gari ikipelekwa ku fourrière: kabla haijaondoka, piga picha za kila upande, ndani pia, kilometa na gurudumu la akiba. Watu wamepata gari bila redio na bila betri, na hawakuwa na kitu cha kuonyesha.

Ukikataa mwaliko, nini kinafuata? Dosye inapaswa kwenda parquet. Hapo magistrat anaweza kuifunga bila kuendelea, anaweza kukualika yeye naye ulipe, ao kukupeleka mbele ya tribunal de paix. Mahakama hiyo ndiyo inayohukumu makosa ambayo adhabu yake haipiti miaka mitano ya kifungo, na kosa la kuegesha liko chini sana ya hapo. Usingoje kuitwa. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa parquet: nambari ya PV, tarehe, mahali, kwa nini unapinga, picha zilizochapishwa, majina ya mashahidi. Katiba, artikle ya 27, inakupa haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, na ya kutosumbuliwa kwa sababu hiyo. Peleka kopi mbili, moja irudi kwako na accusé de réception. Mahakama ikikuhukumu na hukuridhika, una siku 10 za kukata rufaa kwa tribunal de grande instance. Ukikosa makuta ya avoka, uliza barreau kama biro yao ya konsultasyo za bure inafanya kazi mjini kwako.

Na kama umeona mwenyewe kwamba ulikosea? Lipa, lakini lipa serikali. Makuta ya amende ni ya Trésor. Njia yake ni note de perception ya DGRAD, unapeleka banki, unabaki na karatasi. Makuta yanayoingia mfukoni bila karatasi hayafungi kesi yoyote: kesho polisi mwingine anaweza kukuandika kwa jambo lile lile, na huna cha kuonyesha. Tusisahau pia kwamba kodi ya adhabu inamwadhibu anayepokea rushwa na anayetoa, wote wawili. «Ya kahawa, chef» ni kosa la pande mbili, hata kama sote tumeizoea.

Kitu kingine kinachovuruga watu ni jeton ya parking ya mairie. Hiyo ni taxe ya mji, inatoka katika mambo ya ushuru wa mikoa na miji. Kuwa na jeton ya leo hakukupi ruhusa ya kufunga njia, na kukosa jeton si kufunga njia. Ukiona mtu wa taxe anakudai amende ya kufunga barabara, muombe akuitie OPJ.

Kwa wasomaji wetu wa Ituri na Kivu ya Kaskazini: tangu état de siège ilipoanza tarehe 6 Mei 2021, kesi za jinai zilihamishiwa kwa mahakama za kijeshi, kisha serikali ikatangaza kulegeza. Kabla ya kuandika barua, pita kwa greffe uulize dosye yako iko mikononi mwa nani. Goma na Bukavu, tangu Januari na Februari 2025, ziko katika hali nyingine kabisa, na haya tuliyoeleza ni njia ya sheria mahali ambapo polisi na parquet za serikali ziko kazini.

Yule shofere alirudi kwa biro ya polisi na simu yake. Mama wa samaki alimpigia picha mbili ile Ijumaa, bila yeye kuombwa. OPJ aliangalia, akauliza karatasi iliandikwa saa ngapi. Iliandikwa saa kumi jioni, na magunia yalishushwa asubuhi. Akaambiwa arudi. Alirudi mara mbili. Alhamisi permis ilitoka, bila amende, bila karatasi yoyote ya kusema kesi imekwisha.

Siku nne hakufanya kazi. Versement ya siku nne bwana wa gari aliidai yote, na ukihesabu, inapita zile 60 000. Tulimuuliza kama angefanya tena. Akacheka kidogo: «Ingekuwa ni kosa yangu, ningelipa ile siku.» Tulimshauri arudi aombe maandishi kwamba dosye imefungwa.