Nilichoma Picha za Guka: Kabla Ufungue Ile Kamera ya Zamani, Soma Hii Kwanza

Kwa mtaa msee akikuambia "umechoma picha," anamaanisha umejiaibisha mbele ya watu. Mimi nilichoma picha kihalisi. Nilikuwa nimekaa kwa kitanda cha cucu huko Othaya, mkononi niko na kamera ya marehemu guka, Pentax K1000 nzito kama tofali. Ilikuwa imelala ndani ya sanduku la mbao miaka mingi. Nikavuta kile kifundo cha juu upande wa kushoto, mgongo wa kamera ukafunguka, na hapo ndani kulikuwa na filamu. Imepigwa tayari. Jua la saa sita lilikuwa linaingia dirishani bila hodi.

Nilifunga haraka, lakini wapi. Sekunde mbili zilikuwa zimetosha.

Wacha niwaeleze nilichoharibu, ju siku hizi naona vijana wengi wakibeba kamera za filamu shingoni kama cheni. Luku imeweza, sikatai. Lakini ukiuliza ndani ya hicho kitu kunafanyika nini, unaangaliwa tu. Na kuna wengine mko na moja kwa hao, kwa kabati ya mathee, na hamjui iko na nini.

Guka alikuwa mpiga picha wa miguu. Jumapili anasimama nje ya kanisa, siku ya soko anashuka Karatina, na Desemba anapanda mat mpaka Nanyuki kwa lile bango la ikweta ambapo kila mtu alitaka kusimama mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Alikuwa anatembea na kitana na koti moja la suti. Koti lilikuwa la kuazima: kama ulikuja na sweta imetoboka, unavalishwa, unapigwa, unarudisha. Kuna koti moja limevaliwa na nusu ya wanaume wa Othaya, na wote kwa picha wanakaa madiwani. Ulikuwa unalipa nusu, unapewa karatasi, halafu unangoja wiki mbili. Picha ikirudi umefumba macho, hiyo ni yako. Hakukuwa na kufuta.

Sasa, filamu ni nini? Ni utepe wa plastiki uliopakwa jelatini, na ndani ya hiyo jelatini kuna chembe ndogo sana za chumvi ya fedha. Fedha ile ile ya pete. Jelatini yenyewe hutengenezwa kwa mifupa na ngozi za ng'ombe, kwa hivyo ukipenda unaweza kusema picha ya harusi ya wazazi wako imekaa juu ya supu. Ukibonyeza, kipazia cha ndani kinachoitwa shata kinafunguka kwa muda mfupi, tuseme sehemu moja kati ya 250 za sekunde, na mwanga unagusa chembe. Picha inakuwa imeingia, ila huwezi kuiona. Iko hapo imejificha, inaweza kukaa hivyo miaka.

Inaonekana tu ikioshwa. Dawa ya kwanza inageuza chembe zilizoguswa na mwanga kuwa fedha nyeusi. Dawa ya mwisho, fiksa, inatoa zile ambazo hazikuguswa. Ndio maana kwa negativu kila kitu kiko kinyume: shati nyeupe inatoka nyeusi, na nywele nyeusi zinatoka nyeupe kama za mzee. Ukipitisha mwanga tena kupitia negativu mpaka kwa karatasi, mambo yanageuka na kukaa sawa. Na ile taa nyekundu mnaonanga kwa movi ni ya wakati wa kuchapisha picha nyeusi na nyeupe kwa karatasi. Filamu yenyewe ya kawaida inataka giza totoro. Hata hiyo taa nyekundu inaichoma.

Kwa hivyo mpaka ipite kwa fiksa, filamu haijui tofauti ya mwanga wa picha na mwanga wa dirisha. Jua la Othaya liliingia na kupiga picha yake juu ya picha za guka.

Mungu ni nani, filamu huzungushwa. Kwa kamera kama hiyo, kila ukipiga unavuta kijiti, na kile kipande umepiga kinajiviringisha kwa kijiti cha ndani, kipya juu ya cha zamani. Mwanga ukiingia, tabaka za juu zinaungua kwanza. Zile za ndani kabisa zinaweza kupona. Maana yake ni kwamba picha alizopiga mwanzo zilikuwa na bahati, na zile za mwisho, za karibu na siku alizoacha kamera, ndizo zilienda.

Kama uko na kamera ya mzee na hujui kama kuna kitu ndani, usifungue. Zungusha polepole ile henzo ndogo ya kurudisha filamu, kwa mwelekeo wa mshale wake. Ukihisi inavutana na kitu, kuna filamu. Kwa nyingi za aina hii unabonyeza kitufe kidogo chini ya kamera, unazungusha henzo hadi usikie imelegea, ndio sasa unafungua. Ningejua hiyo, nisingekuwa naandika hii.

Kitu kingine kinanishangazaga ni vile hawa wazee walipiga bila kuona. Simu yako inapiga picha kadhaa kwa wakati mmoja, inazichanganya, inalainisha ngozi, ndio inakuonyesha. Guka alikuwa na fremu 36 na mahesabu ya kichwa. Hesabu yenyewe ni rahisi na bado inafanya kazi: jua likiwa kali bila wingu, weka tundu la lenzi kwa f/16, na shata iwe karibu na namba ya filamu. Filamu ya ISO 200, shata 1/250. Wingu likija, fungua tundu. Mita ya mwanga iko kwa K1000, na ndiyo kitu pekee inatumia betri, lakini mita ni ya kusaidiwa. Inafikiri dunia yote ni rangi ya majivu. Simamisha mtu mbele ya ukungu mweupe wa Nyeri mwezi wa saba, mita itaona mweupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso utatoka giza. Mzee mwenye uzoefu alijua kuongeza.

Na hapo kwa ngozi kulikuwa na shida kubwa kuliko ukungu. Kwa miaka mingi mashine za kuchapisha picha za rangi zilikuwa zinapimwa kwa kadi zilizotumwa na Kodak, zenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi zikaitwa Shirley. Ngozi ya Shirley ikikaa poa, mashine imekaa poa. Sisi wengine tulitoka macho na meno. Walalamishi waliosikika, amini usiamini, walikuwa kampuni za chokoleti na za fanicha, ambazo bidhaa zao za rangi ya kahawia hazikuwa zinatoka vizuri. Si watu. Viti. Kwa hivyo ukiona picha ya zamani ya Karatina ambayo nyuso zinaonekana vizuri, jua kuna mtu alipambana.

Huku kwetu swali la nani ameshika kamera si dogo. Februari 1952 Princess Elizabeth alikuwa Treetops, si mbali na Nyeri mjini, akirekodi ndovu na kamera yake ya sinema. Usiku huo huo babake akaaga Uingereza na yeye akawa malkia. Miaka minne baadaye, tarehe 21 Oktoba 1956, Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa hapa hapa Nyeri. Picha yake ambayo dunia inaijua zaidi ni ile amelala, mikono kwa pingu. Ilipigwa akiwa mikononi mwa waliomkamata, na serikali ya mkoloni ikaisambaza kwa vipeperushi ili walio msituni wavunjike moyo. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Yaani mtu wetu mkubwa tunamkumbuka kwa picha ambayo hakuchagua.

Sasa weka hiyo kando ya mama wa Karatina ambaye amelipa, amevaa kitambaa kipya, ameshika mkoba ambao si wake, na amesema "nipige kutoka hapa mpaka miguu." Hiyo ni picha amechagua. Ziko maelfu kwa maelfu, si makavazi, bali kwa mikebe ya biskuti na masanduku chini ya vitanda kutoka Nyahururu mpaka Embu. Na tunazitupa. Mtu akifa, nyumba ikisafishwa, picha zinagawanywa, halafu zile negativu, ambazo ndizo mama wa picha, zinaonekana kama takataka ya plastiki. Moto unawashwa nyuma ya nyumba.

Kama unafikiri nimezidisha, muulize Priya Ramrakha. Alizaliwa Nairobi 1935, akapigia jarida la Life la Marekani, na akauawa kwa risasi vita vya Biafra, Nigeria, 1968. Kazi yake nyingi ilidhaniwa imepotea. Miaka karibu 40 baadaye jamaa yake akaipata imekaa kwa gereji hapa Nairobi, na mwaka wa 2018 ikatoka kitabu. Gereji! Kama mtu angeamua kutoa nafasi ya gari, hadithi ingeishia hapo.

Adui wa negativu huku mlimani ni unyevu. Kumbuka jelatini ni chakula, na kuvu inajua. Gathano ikiingia, nguo hazikauki, na kwa kabati kuvu inakula uso wa mtu polepole. Plastiki pia inazeeka. Ukifungua mkebe ukasikia harufu ya siki, aina fulani ya filamu imeanza kujioza yenyewe, itoe iwe peke yake kabla iharibu zingine na uipige nakala kwanza. Zilizobaki shika kingo tu, usiguse katikati, ziweke kwa bahasha za karatasi, mahali pakavu, mbali na jikoni na mabati. Vile vipakiti vidogo vinakuja na viatu vipya, usitupe, weka humo ndani.

Na huhitaji mashine ya bei. Fungua skrini nyeupe tupu kwa laptop, inua negativu juu yake kidogo kwa vipande viwili vya kadibodi ili vidoti vya skrini visionekane, piga na simu yako gizani, halafu geuza rangi kwa programu yoyote ya kuhariri. Negativu za rangi ziko na utando wa machungwa, kwa hivyo zitataka kurekebishwa kidogo. Shosho atatokea kwa skrini akiwa na miaka 20, na utashtuka vile mnafanana.

Kuhusu kununua kamera yako mwenyewe, nitasema kidogo tu. Kampuni iliyotengeneza kamera ya kwanza ya dijitali inayobebeka ni hiyo hiyo Kodak, 1975, kupitia injinia wake Steven Sasson, na dijitali ndiyo ilichangia kuiangusha mpaka ikaomba ulinzi wa kufilisika 2012. Leo filamu imerudi kiasi kwamba Pentax walitoa kamera mpya ya filamu 2024, Pentax 17, inayogawa fremu mara mbili upate picha 72. Ya zamani ni poa zaidi kwa kujifunza. Lakini muuzaji akikuambia "inafanya kazi, sijui tu kama inashika mwanga," rudisha mfukoni hiyo ganji yako. Angalia lenzi dhidi ya dirisha: ukiona kitu kama mizizi ya buibui, ni kuvu.

Filamu ya guka nilipelekea msee mmoja Nairobi anayeosha kwa keja yake, bafu ndilo chumba cha giza. Akaniuliza imekaa miaka mingapi. Nikamwambia tangu kabla simu za kugusa zifike Othaya. Filamu ilikuwa ya rangi, lakini akasema kwa umri huo rangi hazitaaminika, afadhali aioshe kwa dawa ya nyeusi na nyeupe. Kamera ilikuwa imehesabu 31. Zilitoka 9.

Kuna kitu sijawaambia. Guka alipokufa tulitafuta picha yake ya kijitabu cha mazishi tukakosa. Mwenye kamera huwa hayuko kwa picha. Tulitumia ile ya kitambulisho, ikakuzwa mpaka ikawa vidoti, guka ametoa macho kama mtu ameshikwa na polisi.

Kwa zile 9, nyingi ni watu siwajui, wamesimama wima kama walinzi. Ya saba ni cucu, kwa shamba la chai, anacheka ameziba mdomo na kiganja. Jua lilikuwa nyuma ya mpigaji, jioni, na chini ya picha kuna kivuli kirefu cha mwanamume mwenye kofia, viwiko vimetokeza pande mbili, kimefika hadi kwa gambuti za cucu.

Niliichapisha kubwa nikampelekea. Akaiangalia muda mrefu. Akaweka kidole juu ya kofia.

"Na hizo zingine ziko wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nilifungua nyuma. Hakusema kitu. Akageuza picha kuangalia mgongo, ju guka alikuwa anaandika tarehe hapo kila mara. Kulikuwa kweupe. Akaniitisha kalamu.