Mlingoti wa mita 9 unatosha

Wengi wanaoanza redio ya ridhaa hapa Tanzania, hata wakishapata leseni ya TCRA, hukwama kwenye mnara. Wanaamini kwamba bila chuma kirefu kama cha kampuni za simu hawatasikika. Kwa masafa ya megahezi 7, yanayofaa sana kwa mazungumzo ya mchana katika ukanda wetu, imani hiyo inawapotezea fedha. Wimbi lake lina urefu wa mita 42 hivi. Antena ikiwa mita 9 tu juu ya ardhi, nguvu zake nyingi hupanda karibu wima, hugonga ionosfea, kisha hurudi chini na kutawanyika kilomita mia kadhaa kila upande. Ukiwa Dar es Salaam unaongea na Dodoma, na Mombasa pia. Anayetafuta Ulaya au Japani, huyo ndiye wa kuhangaika na mita 20.

Nunua bomba la maji la chuma la inchi mbili, mita 6 kama linavyouzwa dukani, na kipande cha mita 4 cha inchi moja na nusu. Chomeka chembamba ndani ya kinene mita 1 nzima, toboa, kaza kwa bolti mbili. Kileleni funga kapi la kupandishia antena.

Ulichookoa kwenye urefu kipeleke kwenye kamba, maana ndizo zinazosimamisha mlingoti. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Funga kamba 4 kwenye kimo cha mita 8, na nanga ziwe mita 6 kutoka kwenye shina. Fundi ujenzi anayepima kona ya msingi kwa tatu-nne-tano atakwambia papo hapo kwamba kila kamba itakuwa mita 10, ukiacha za kufungia. Nanga ni nondo ya milimita 16 iliyokunjwa na kuzamishwa kwenye zege. Kamba za plastiki za bei ya chini huoza kwa jua. Tafuta za polista. Waya wa chuma huivuruga antena.

Kamba 3 zingetosha kuushikilia, lakini 4 ni kwa ajili ya kuusimamisha. Chini weka bolti moja nene ya kuzungukia, na nanga mbili za pembeni zipange mstari mmoja na bolti hiyo, kwenye usawa uleule. Hapo kamba za pembeni hubaki zimekaza tangu mlingoti ukiwa umelala hadi usimame, nao hauyumbi. Mzigo mkubwa uko mwanzoni kabisa, kwa hiyo kamba ya kuvutia ipitishe juu ya mti wa mita 3 uliosimamishwa shinani.

Antena ni waya wa umeme wa kawaida, vipande viwili vya mita 10, vinavyokutana na kebo kileleni na kushuka pande mbili hadi mita 3 kutoka ardhini. Usiziache ncha chini ya hapo: unaporusha sauti huwa na volti kubwa, na watoto hucheza uani.

Nguzo za umeme ziwe mbali, angalau mita 14, ili hata mlingoti ukianguka usizifikie. Shina liunge na ethi, na mawingu ya mvua yakijikusanya chomoa kebo kwenye redio. Kabla ya masika ulaze mlingoti, kagua kila fundo na kila bolti, kisha uusimamishe tena.