Dawa Inayochagua Chembe Gonjwa na Kuacha Nzima

Katika miji yetu ya migodi kila mutu anajua: mbele ya kutia mawe katika tanuru, kipande kidogo kinapelekwa kwanza kwa labo. Wanaotafuta dawa wanafanya vile vile na chembe za mwili. Tuone namna gani walifanya kwa kansere moja ya damu, leukemia ya miloidi ya muda murefu.

Chembe nyeupe ndizo askari wa mwili. Zinazaliwa ndani ya uboho wa mifupa, zinapigana na mikrobi, kisha zinakufa. Katika ugonjwa huu zinazaliwa bila kipimo mpaka zinajaa katika damu. Mwaka wa 1960, kule Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona ndani ya chembe hizo kromozomu moja fupi kuliko kawaida. Mwaka wa 1973, Janet Rowley wa Chicago alieleza sababu: kromozomu ya 9 na ya 22 zilibadilishana vipande. Pale zilipoungana panatoka proteini mupya, BCR-ABL.

Proteini hiyo ni ya jamaa ya kinaze. Kazi ya kinaze ni kutwaa fosfati na kuibandika juu ya proteini ingine, sawa mutu anayewasha taa. Kinaze ya kawaida inawasha, kisha inatulia. BCR-ABL haitulii, usiku na muchana inaambia chembe: zaa, zaa!

Katika kampuni Ciba-Geigy ya Basel, Uswisi, Nicholas Lydon na wenzake walitengeneza vitu vya kuziba shimo ambamo kinaze inapatia fosfati yake. Munganga Brian Druker, wa Oregon, Marekani, akavijaribu. Vijana, sikilizeni vizuri hapa. Kuua chembe ya kansere katika sahani si kazi. Hata Javeli inaua! Kwa hiyo walipanda chembe za wagonjwa katika chakula chao, na vile vile chembe nzima. Wakatia dawa, wakangoja, wakahesabu vikundi vilivyoota. Matokeo yalitoka mwaka wa 1996: vikundi vigonjwa vilipungua kwa 92 mpaka 98 kwa mia. Vile vizima viliota tu.

Mwezi wa Juni 1998 wagonjwa wa kwanza walimeza dawa hiyo, imatinibu. Kati ya wagonjwa 54 waliopewa miligramu 300 ao zaidi kwa siku, 53 hesabu ya damu yao ilirudi kawaida. Marekani iliruhusu iuzwe mwaka wa 2001, na mwaka wa 2015 OMS iliitia katika orodha ya dawa za lazima.

Basi, mukisikia kwa radio kwamba muzizi fulani "unaua kansere katika labo", ulizeni: chembe nzima zilifanya nini? Na watu je?

Sababu sahani haionyeshi yote. Kwa wagonjwa wengine lile shimo liligeuka kidogo, imatinibu ikashindwa kuingia. Kwa hao ilitengenezwa ponatinibu, ikajaribiwa juu ya chembe zenye mugeuko ule, ikakubaliwa Marekani mwaka wa 2012. Oktoba 2013 uuzaji ulisimamishwa kule, maana damu ilikuwa inaganda katika mishipa ya wagonjwa. Mwisho wa mwaka ikarudi, kwa wagonjwa wachache na kwa maonyo makali. Katika sahani mulikuwa chembe tu. Mishipa haikuwamo.